Mume wa Bibi wa Muheza

Sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Thorncliffe Park, huku ughaibuni kwenye theluji, enzi zile dakika za kupiga simu Tanzania zinanunuliwa dukani kwa kadi, tunajuana hata tukikutana ukubwani. Ukimwona mtu mzima anakwangua kitu kwa sarafu taratibu, pumzi ameibana asije akachubua namba, ujue huyo ni wa kwetu. Ukishakwangua, unabonyeza namba mpaka kidole kinachoka, mwanamke wa kwenye mashine anakutajia kwa Kiingereza cha madaha dakika ulizobakiwa nazo, halafu Muheza inaitika kwa mbali. Hapo nyumba nzima inapiga kelele. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba simu haihitaji kelele. Watoto wa leo wanamwona bibi yao kwenye video mpaka dari la nyumba yake, na bado hawana la kumwambia. "Hi Bibi", "Bye Bibi", simu imesharudi kwa mama.

Ghorofa letu lilikuwa na lifti mbili, na moja ilikuwa mbovu daima. Zilipokezana ubovu kama walinzi wa zamu. Kwa hiyo tulipanda ngazi, na kwenye ngazi ulijua kila nyumba inakula nini: hapa vitunguu vya pilau, pale samaki, kule mkate wa Waafghani ukitoka motoni. Mama alipokaanga dagaa wakati wa baridi na madirisha hayafunguki, harufu ilishuka mpaka kwa mlinzi chini, na mlinzi, Mungu ambariki, hakuwahi kusema neno. Tulicheza rede kwenye korido kwa mpira wa soksi. Tulicheza kombolela kwenye chumba cha kufulia, mahali pa joto kuliko pote, tukijibanza nyuma ya mashine zinazotetemeka. Nje tulitoka tumevikwa makoti mpaka mikono haikunjiki. Ukianguka kwenye theluji unabaki chali mpaka mwenzako akuinue.

Mama aliuliza kwa Kiswahili, sisi tukajibu kwa Kiingereza, naye akawa na msemo wake: "Humu ndani ni Tanzania. Kiingereza kiache mlangoni pamoja na viatu." Viatu tuliviacha.

Mimi nilikuwa jikedume, na nalisema bila haya kwa sababu ndilo jina nililoitwa na kila mama wa jumuiya yetu. Tulipocheza baba na mama, wenzangu waligombana nani awe mama, nani mtoto, nani mgeni aliyetoka Tanzania na mizigo. Nafasi ya baba haikugombewa. Nilikuwa nimeshajifunga mkanda, nimekaa, nasubiri chai. Siku ya picha shuleni mama alinivisha gauni lenye riboni, nami nikavaa suruali chini yake, nikapiga picha nimechanua miguu. Ile picha mama aliificha. Jumapili kwenye ibada yetu ya Kiswahili, tuliyokuwa tukifanyia kwenye chumba cha chini cha kanisa la watu wengine, alinifinya paja na kuninong'oneza: "Rehema, kaa kama msichana!" Nami nikawa najiuliza kwa dhati msichana anakaaje, maana msichana ni mimi, na ndivyo nilivyokaa.

Msinielewe vibaya. Mama hakuwa mkali. Alikuwa mwoga, na woga wake ulikuwa na anwani: wale kina mama wa safu ya mbele kanisani. Baba aliendesha malori ya masafa, wiki nyingi hayupo, kwa hiyo maneno ya watu yote yalimwangukia mama peke yake, akitoka kazini Downsview alikopakia keki kwenye maboksi, miguu imevimba.

Mwaka niliofikisha miaka tisa, Bibi mzaa mama akapata viza ya kuja kututembelea. Wiki ile ile bablishi ikaganda kwenye nywele zangu. Mama alijaribu mafuta, akajaribu barafu, mwishoni akachukua mashine ya baba akaninyoa upara huku analia. "Bibi yako atasemaje? Atasema nimeshindwa kulea." Mimi nilijipapasa kichwa mbele ya kioo, nikajiona mzuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Uwanja wa ndege Bibi alitokea kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa mzima wa miguu kabisa, lakini aliposikia kuna kijana wa kumsukuma bure, alikaa. Akatutazama mmoja mmoja, macho yakaniangukia mimi: upara, koti la bluu la mtoto wa jirani, mikono mifukoni. Akapiga kigelegele watu wakageuka.

"Mume wangu huyo! Kumbe umekuja kunipokea mwenyewe!"

Kwa wale waliosahau, au watoto wao wanaosoma kisa hiki begani kwao, nieleze kidogo. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na atadaiwa sabuni, sukari na mapenzi mpaka siku anaondoka. Mjukuu wa kike ni mke mwenza. Yeye na bibi yake watagombana mchana kutwa juu ya mzee mmoja asiye na meno, na kila mtu atacheka. Kila mtoto anajua yuko upande gani. Mimi nilikuwa mke mwenza. Kwenye simu miaka yote Bibi alikuwa akinitukana kama mke mwenza.

"Mama," mama yangu akasema, aibu imemjaa, "huyo ni Rehema."

"Rehema yupi?"

"Rehema wako. Binti yangu. Ni bablishi tu ilimganda kichwani, nywele zitaota."

Bibi akanikagua kutoka juu hadi chini. Mimi nikatazama viatu vyangu. Niliyajua yanayofuata, maana yalinifuata kila mahali: maskini, kumbe msichana, mbona mmemfanya hivi. Lakini Bibi akanyoosha tu mkono akanipa mkoba wake.

"Basi nimeshamwita. Ndoa haivunjwi uwanja wa ndege. Beba mkoba, mume wangu, twende nyumbani."

Alikaa nasi miezi sita, na katika miezi hiyo nilikuwa mtu aliyeoa. Bibi aliutekeleza utani ule bila huruma. Asubuhi aliuliza kwa nini mume wake hajamletea maziwa ya chai. Tukienda kununua vyakula nilibeba mifuko, nikamfungulia mlango, nikamsikiliza akiyatukana machungwa ya dukani. Muheza ndiko kwenye machungwa, mnajua, basi aliyabonyeza moja moja na kusema kwa sauti, "Haya yamepakwa rangi, haya. Mume wangu, usinilishe plastiki." Kwenye karata aliniibia, nikilalamika anasema mwanaume hagombani na mkewe kwa karata. Mama akipita na sura ya kusema kitu, Bibi alimwahi: "Wewe usiingilie ya watu na waume zao."

Jumapili moja mama alipika kuku. Kuku akiiva, firigisi ni ya baba. Hilo halijadiliwi, hata wale tuliokulia kwenye baridi tunalijua kabla hatujajua kusoma. Bibi akachukua firigisi kwa vidole vyake, akaipita sahani ya baba bila kumtazama mwenyewe, akaiweka kwenye yangu. Mama akasema, "Mama, jamani, hiyo..." Bibi akasema, "Kila mke na mume wake. Wako mtafutie ya kwake." Baba, aliyekuwa amerudi safari usiku uliopita, alijifanya anatafuta chumvi ili asicheke. Nami nikaitafuna firigisi ile taratibu, ngumu, tamu, nikiwa na furaha ambayo sikuwa na jina lake.

Kina mama wa safu ya mbele nao walijaribu. Mmoja alimwambia Bibi baada ya ibada kwamba mtoto wa kike akizoeshwa hivyo ataharibika. Bibi akamwuliza kama yeye ana mume. Akasema anaye. Bibi akasema, "Basi niachie wangu." Kuanzia hapo niliketi kanisani nilivyotaka.

Bibi akarudi Muheza. Nywele zikaota, nikazikata tena, mama akanyamaza maana mwenye mume alikuwa amesharidhia. Nilikua kwa raha, lazima niseme hivyo, kwa sababu watu wakisikia habari kama yangu wanatafuta machozi mapema mno. Nilicheza mpira na wavulana, nikawasuka wenzangu vibaya, nikaimba kwaya sauti ya nne na tena kwa majigambo. Na nilipofika miaka kumi na tano nikampenda msichana wa darasa langu aliyekuwa akicheka puani, nikaelewa kumbe hili ndilo lililokuwa linanisubiri. Sikushtuka sana. Ilikuwa kama kujua jina la mtu ambaye umekuwa ukimsalimu kila siku kwenye lifti.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nikamwambia mama. Alikuwa anasukuma chapati. Nilisema kwa Kiswahili, kwa makusudi, sentensi niliyoifanyia mazoezi: "Mama, mimi nawapenda wanawake. Siyo mchezo, na haitapita." Hakunigeukia. Aliendelea kusukuma ile chapati moja mpaka ikawa nyembamba, unaona meza chini yake.

"Ule ulikuwa utani, Rehema," akasema. "Bibi alikuwa anatania."

"Najua."

"Basi asijue hili. Utamuua."

Hilo ndilo lililonitesa, siyo kina mama wa safu ya mbele. Kwa Bibi nilikuwa na mahali pangu. Sikuwa tatizo wala mtu wa kupewa pole. Nilikuwa mume wa mtu, nikitukanwa kwa mapenzi na kudaiwa sukari. Sasa nikaambiwa mahali pale pamesimama juu ya mzaha, na nikisema ukweli tu, pataanguka. Kila Bibi alipopiga simu na kuuliza, "Mume wangu, umeshaniongezea mwenzangu?" nilicheka kwa sauti kubwa mno na kumpa mama simu. Niliogopa sana kumpoteza.

Halafu akaja Fiona. Fiona ni Mgoa, wa wale Wahindi Wakatoliki. Wazazi wake walitoka Nairobi wakahamia huku, wakatulia Markham kwenye nyumba yenye bustani na Bikira Maria dirishani. Baba yake, karani mstaafu, anaongea Kiswahili cha Nairobi ya ujana wake, na Fiona alirithi vipande. Nilimleta nyumbani kama rafiki. Mama alimpenda palepale, ndivyo alivyo: alimtuma sufuria za juu kabatini kwa sababu ni mrefu, alimcheka kwa kusema "mimi nataka kunywa ile chai", alimgombeza kwa kula kidogo. Mama alijua, na alijua kwamba najua anajua, na sote watatu tuliishi ndani ya neno "rafiki" kwa miaka, tumebanana humo kama nguo kwenye sanduku la safari.

Bibi akaja mara ya pili. Safari hii kiti cha magurudumu alikihitaji kweli. Siku ya tatu tulikuwa mezani: Bibi, mama, Fiona na mimi. Bibi alikuwa anamtazama Fiona, ananitazama mimi, anatazama jinsi Fiona alivyonisogezea pilipili kabla sijaiomba.

"Mume wangu," akasema, "huyu ndiye?"

Mama akawahi. "Mama, huyu ni rafiki yake Rehema. Wanafanya kazi..."

"Sijakuuliza wewe. Naongea na mume wangu."

Nilitazama sahani. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimeshakuwa fundi wa lifti, ninaning'inia kwenye mashimo ya maghorofa marefu ya mji huu bila hofu, na pale mezani nilimwogopa ajuza mmoja. Nikasema, "Ndiye, Bibi."

Bibi akaweka kijiko chini. Akamgeukia Fiona, akamkagua kama alivyonikagua mimi uwanja wa ndege.

"Na mbona hajaniamkia? Mke mdogo humwamkia mkubwa."

Fiona alielewa nusu. Akasimama, akajinyoosha nguo, na kwa heshima zote alizofundishwa na baba yake akasema, "Jambo, mama."

"Jambo!" Bibi akapiga meza. "Jambo! Nimeletewa mke mwenza anayenisalimia kama bwana shamba wa Kizungu! Mume wangu, umekosa wote duniani?" Akacheka mpaka akakohoa, na mama, ambaye mdomo alikuwa ameubana kama mtu aliyeshika pini kwa midomo, akashindwa, akacheka naye. Fiona akafundishwa shikamoo pale pale, akaitikiwa marahaba, akatumwa kuosha vyombo. Bibi akamkosoa kila sahani. Hakuna mke mwenza aliyewahi kuonewa kwa raha kama ile.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea chai kitandani, nikamwuliza, Bibi, umeelewa nilichosema jana? Nilitaka kujua, hata kama jibu lingeniumiza.

"Sielewi yote," akasema. "Na usinieleze, maana utaanza Kiingereza. Na mimi namwomba Mungu mambo yangu juu yako, hayo hayakuhusu. Lakini siku ile uwanja wa ndege niliona watu wanakusahihisha kabla hujafungua mdomo. Nikasema, huyu atasahihishwa sana. Nikakaa upande wako." Akanywa chai. "Hii haina sukari. Mwanaume gani wewe."

Alifariki Muheza, miaka miwili baadaye, usingizini. Mama alikwenda kumzika. Mimi nililia kwenye shimo la lifti, mahali ambapo hakuna wa kuniuliza, halafu nikanywa chai yenye sukari nyingi mno.

Mama aliporudi kutoka matangani alikuwa amebadilika, na Fiona ndiye aliyeona kwanza. Tulikuwa tunatoka kumtembelea, tumekaa kwenye gari bila kuliwasha.

"Mum yako amenikasirikia," akasema. "She's so formal sasa. Hanitumi sufuria. Hanicheki. Nimeingia akakimbia chumbani, akarudi amejifunika khanga mpaka kichwani, akakaa kiti cha mbali. Ananiambia 'karibu sana', 'ahsante sana'. Hata kula hakula na mimi. Nimefanya nini?"

Nilikuwa nimeona khanga ile nikadhani ni ya msiba. Sasa nikamkumbuka Bibi, yule mkorofi asiyemwogopa mtu, jinsi alivyonyamaza kila baba yangu alipoingia sebuleni, akavuta khanga mabegani, akahamia kiti cha mbali. Miezi sita ndani ya nyumba moja, hawakuwahi kutaniana uso kwa uso, hata siku ya firigisi. Mkwe hataniwi. Mbele ya mkwe unajifunika, unapunguza sauti, unachagua maneno. Rafiki wa mtoto wako unaweza kumtuma sufuria. Mkwe wako, hapana.

"Hajakukasirikia," nilimwambia Fiona. "Amekuheshimu. Umekuwa mkwe."

Mama hakuwahi kulisema kwa mdomo, na nadhani hakujua Fiona amhesabu mkwe wa upande gani, basi akaamua kumpa heshima za pande zote. Fiona alilia, kisha akauliza kama kuna njia ya kukata rufaa, maana alipenda kutumwa sufuria.

Mimi nimezeeka kidogo sasa. Kwenye harusi za jumuiya navaa suti ya kitenge na tai, kina mama wa safu ya mbele wananiita wanipige picha na wajukuu wao, na watoto wa jengo wananijua kama yule fundi wa ajabu anayepiga mluzi akiwa juu ya lifti. Vijana wa siku hizi walio kama mimi nawapenda, ila wananichosha. Wana neno kwa kila aina ya mtu na kila neno lina bendera yake. Nikienda kwenye mikutano yao nahitaji mkalimani. Wananionea huruma kwamba nilikua bila maneno hayo. Nami nawaonea huruma kwamba wanajisimulia wao wenyewe tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna ajuza hata mmoja wa kuwaibia kwenye karata.

Nyumba ya mama zamani ilikuwa na kelele. Kulikuwa na simu za kupayuka, ugomvi wa mke na mume wake wa miaka tisa, na vicheko vya kumcheka Fiona na Kiswahili chake. Siku hizi lifti zote mbili zinafanya kazi, simu inasikika bila kelele, na hakuna tena duniani anayeniita mume wangu kwa utani. Kuna Jumapili nalitamani sana jina hilo. Halafu tunafika mlangoni kwa mama, Fiona anagonga, na mama anauliza kutoka ndani, "Nani?" Fiona anasema, "Ni sisi, mama, shikamoo." Tunasimama kwenye korido na mikate yetu mikononi. Hafungui upesi kama zamani. Namsikia ndani anafungua makabati, anatafuta khanga.